Sehemu ya mwenza usiijaze, Mama Abeli

Mama Abeli, simu hupokei, basi soma.

Binti yangu Tusajigwe amegombana na mwenyekiti wa kikundi chetu cha chai. Ndiyo, huyohuyo shemeji yako Lutufyo. Mbele ya watu wote pale ofisini Kyimo!

Si unajua Tusa ndiye anatengeneza ule mfumo wa kompyuta wa kutuandikisha wakulima? Sehemu ya mwenza ameiweka ya hiari. Mwenye mwenza ataje jina na namba ya simu, akiacha kimoja mfumo unakataa. Asiye naye anairuka kabisa, na mfumo unampitisha.

Lutufyo akasema, "Ifanye iwe lazima. Wajane waandike shemeji zao."

SHEMEJI! Umesikia lakini?

Tusa akauliza taratibu, "Na mjane akifa, shamba linakwenda kwa nani?"

"Kwa aliyeandikwa."

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya Tusa tangu amalize chuo. Lakini akafunga kompyuta. "Basi tafuta mwingine, mzee. Mama yangu simwandikii shemeji."

"Una kiburi, binti!"

"Ndiyo, mzee."

Eti ndiyo mzee! Na hata hapepesi macho.

Lutufyo akatugeukia sisi wajane kwenye foleni. Hakuna aliyesogea upande wake. Akatoka.

Sasa kesho analeta fundi mwingine. Lutufyo akikwambia, wewe mjane mwenzangu, uandike jina lake, kataa. Watoto wako watalala wapi? Njoo mapema, nitakuwa nimekaa pale mlangoni. Kesho chai sichumi.