Shelfu ya Makasha

Jumatano, nimeshaswali Isha

Na mapazia pia anayataka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Asubuhi Bi Zuhura, mwenye nyumba, alipita kunijulia hali. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako ukutani. Chokaa nilipaka mwenyewe, nikaitia chumvi ili isichafue nguo za anayeegemea. Mapazia nimeyashona kwa khanga za marehemu mama. Shelfu nimeitengeneza kwa makasha ya mbao ya samaki niliyookota Mbegani, nikayasugua kwa ndimu na majivu mpaka harufu ikatoka.

“Umekipamba chumba, mwanangu,” akasema. “Kimekuwa cha bi harusi.”

Nikacheka kama mjinga. Kumbe bi harusi yupo. Kijana wake anaoa baada ya mfungo, na mimi nihame.

“Hayo mapazia yaache hapo hapo, yamekaa vizuri.”

Ukuta ulipokuwa unamomonyoka, chumba hiki hakikumfaa mtu ila mimi.

Mapazia nimeshayashusha, yamo sandukuni. Nitahamia wapi, sijui. Mume wangu yuko Saadani na simu yake haipatikani, na hata ikipatikana...

Shelfu nimemwambia namwachia. Akaniombea dua, akasema nina roho nzuri.

Sikumwambia kwamba mvua ikinyesha, mbao zile zikapata unyevu, harufu ya samaki hurudi yote. Masika yakianza, bi harusi atakuwa ameshaingia.