Eliamani, Hesabu Zile Zilikuwa za Uongo

Mwanangu Eliamani,

Ni mimi mama yako. Naandika kwa herufi zile nilizojifunza darasa la ubatizo, unisamehe zikiyumba.

Jana baba yako mdogo alimfukuza mkeo. Nakunda ameteremka kwao Gonja na nguo za mwilini tu, maziwa yamelowesha kanga, maana mtoto wamembakiza, eti ni wa ukoo. Tangu jana analia. Maziwa ya ng'ombe anayatema. Na mimi nilisimama mlangoni nikanyamaza, wakati ningefungua mdomo Nakunda angekuwa hapa.

Wamemhukumu kwa daftari lako.

Uliporudi kutoka gereji ya Same miguu imevimba, ulinicheka nilivyolia. "Mama, miguu yangu imekuwa maandazi." Nikikubonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo linabaki. Ukatengeneza kile kidude: springi ya tandiko la baiskeli na pampu ya baiskeli uliyoijaza mafuta machafu ya lori, umevisimamisha bega kwa bega kati ya vibao viwili. "Bonyeza, mama." Nikibonyeza haraka kinagoma. Polepole kinakubali. Nikiachia, kinarudi kwa uvivu. Ukasema springi ndiyo inayotaka kurudi, pampu ndiyo inayochelewesha, na nyama ya mtu ina vyote viwili. Ukatia mafuta mazito zaidi, kikazidi kuchelewa. Halafu ukavifunga kimoja chini ya kingine, ukaning'iniza jiwe. Springi ikanyooka mara moja, pampu ikawa inateleza tu, inateleza. Ulipotoa jiwe springi ikarudi, pampu ikabaki pale pale ilipofika. "Huo ni unga uliokandwa, mama. Mimi bado ni kama kile cha kwanza, narudi. Nikiwa kama huu, nichimbieni."

Ulicheka peke yako.

Basi kazi yangu ikawa kila asubuhi, uji ukipoa, nibonyeze, nihesabu kwa sauti mpaka shimo lijae, nawe uandike. Kumi na moja. Kumi na tano. Ilipofika ishirini ukasukuma bakuli, ukageukia ukuta. Siku mbili hukula. Eliamani, ningefanyaje? Nikaanza kuvuta pumzi katikati ya namba. Moja... mbili... Shimo lile lile, nikakupa kumi na nne. Kesho yake kumi. Ukaniamini. Ukala. Ukasema mafuta ya pampu ya mwilini mwako yanalainika. Nilivyofurahi, nikakuchinjia kuku.

Kisha lori la Bwana Shauri likapanda huku Myamba, dereva akakubali kukuteremsha hospitali. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesema sita. Kwa hesabu ya haki sijui ingekuwa ngapi, maana niliondoa kidole, nikasema sita, nikakufunika kwa shuka shimo likiwa bado lipo. Ukamwonyesha dereva daftari. "Napona, bwana. Nafasi yangu mpe mgonjwa."

Siku ya nne tukakuzika.

Sasa baba yako mdogo amelisoma mbele ya ukoo mzima. "Ishirini! Kumi na nne! Kumi! Sita! Mtu ambaye uvimbe wake unashuka hivi hafi bila mkono wa mtu. Nani alikuwa anampikia?" Wote wakamgeukia Nakunda. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Alijua nitamtetea, si namwita mwanangu kila siku. Nikatazama chini. Niliogopa, Eliamani. Niliogopa wasije wakasema mimi ndiye niliyekuua, na ukweli ndio huo.

Kesho alfajiri nambeba mwanao mgongoni, nateremka Gonja. Nikishamweka kifuani kwa mama yake, nitapanda kuwaambia baba yako mdogo na ndugu zake jinsi nilivyohesabu. Wakinifukuza, watakuwa wamemfukuza anayestahili.

Lala, mwanangu. Kwako leo siombi msamaha. Wa kwanza kuombwa ni Nakunda, na huenda asinifungulie mlango.

Mama yako