Programu Yangu Inamponza Dada wa Funguo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mtu asiye na kosa ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni karani katika chumba cha kompyuta cha ofisi ya kumbukumbu, nina miezi mitano kazini. Tuna seva kumi na moja, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nzima, na mkuu wangu, tunayemwita Mzee Waya, huzirekebisha moja moja kwa mkono, anaandika kwenye daftari alichobadilisha, na mara nyingi anasahau mbili au tatu, ndiyo maana kila wiki kuna dirisha la wateja linalokwama. Nilimweleza kwamba zipo programu za kazi hiyo: unaandika faili moja linalosema kila seva iweje, na programu inazipitia zote kila nusu saa na kuirekebisha yoyote iliyo tofauti. Akanijibu, "Kijana, mimi seva nazijua kwa sauti ya feni zake. Hayo ya shule waachie walimu." Nilichukia, nikaiweka programu hiyo kimya kimya, nikijiambia kwamba akiona mambo yamenyooka nitamwambia.

Yalinyooka wiki mbili. Kisha akabadilisha mpangilio wa seva ya tatu kwa mkono, na kwa kuwa faili langu halikuujua mpangilio huo mpya, programu ikarudisha wa zamani. Akabadilisha tena, ukarudi tena, mara sita kwa siku moja, naye anagonga meza: "Nani anachezea mashine zangu?" Mshauri, nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikasema, "Labda ni umeme, mzee."

Sasa ameamua ni dada anayetunza funguo za chumba, kwa sababu waligombana kuhusu likizo yake. Dada huyu ndiye aliyenipokea siku ya kwanza. Jana alinyang'anywa funguo mbele ya watu, akanigeukia: "Mdogo wangu, wewe unayezijua hizi mashine, nitaharibuje kitu ambacho hata kukiwasha sijui?" Nikageuka, nikarudi kwenye meza yangu. Nafikiria kuizima programu leo bila kumwambia mtu, mambo yatulie, kamati ikose cha kusema. Je, itatosha? Bado niko kwenye kipindi cha majaribio na naogopa kufukuzwa.

Karani Mwenye Hofu

MSHAURI ANAJIBU

Umeme! Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kwenye neno hilo nikainuka kuzunguka meza.

Hofu yako naielewa. Ni kazi yako ya kwanza, mkuu hasikii, na hoja ulikuwa nayo. Lakini mzee alikataa, nawe ukapitia mlango wa nyuma, ukamwacha agombane na mtu asiyemwona.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu wazo lako la kuizima ndilo baya kuliko yote. Dada kanyang'anywa funguo jana. Ukiizima leo, seva zitatulia leo. Ijumaa Mzee Waya atasemaje? "Mnaona? Tangu atoke chumbani, shwari." Utakuwa umemmaliza huku ukidhani unamwokoa.

Iache iendelee. Programu za namna hiyo huandika kila zilichorudisha, saa na dakika. Chapisha orodha hiyo yote. Kesho asubuhi mfuate Mzee Waya, umwambie, "Mzee, ni mimi." Usianze na sifa za programu, tafadhali, najua utatamani. Mwombe abadilishe kitu kimoja kwenye seva ya tatu kwa mkono wake mwenyewe, kisha kaeni hapo nusu saa mtazame kikirudi, dada akiwa hayumo hata ndani ya jengo. Atakufokea. Mwache afoke. Akimaliza, simamisha programu mbele ya macho yake, mwende pamoja kwa kamati na orodha mkononi. Akikataa, nenda peke yako.

Utafukuzwa? Huenda. Siwezi kukuahidi vinginevyo, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Wewe utatafuta kazi nyingine. Yeye, akishaandikwa mharibifu, nani atamkabidhi funguo?

Na kabla ya mzee, aambiwe dada. Leo hii. Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda mpaka mlangoni kwake, useme ukiwa umesimama, na usiondoke mpaka naye amalize kusema yake.