Nimeiga Hata Kuchechemea Kwake

Mpendwa Burul eje, dada yangu mkubwa, naomba unishike mkono kabla sijazama, mimi ni Nurzat wa Naryn, kikundi chetu cha wanawake kinatengeneza mazulia ya sufu, na tangu Anarkan apa, mama yetu sote, astaafu mimi ndiye kiongozi, nikadhani kazi naijua maana miaka sita nilimtazama akiwa kwenye birika, anamwagia sufu maji ya moto, moshi wote unamwingia machoni, huku anatufokea, "Kanyageni, nyie! Bata wangu anawashinda nguvu!" nasi tunacheka, tunalikanyaga lile bunda la sufu mpaka jasho, basi nami nikafunga kitambaa cheupe kama chake, nikasimama mlangoni niwaone wote vizuri, nikafoka, nikaiga hata kuchechemea kwake, usinicheke eje, ila nilipomwambia mwenzetu Jyldyz kwamba bata wangu anamshinda alivua buti akasema, "Basi mlete huyo bata akanyage," akaondoka na wenzake wanne, na zulia la arusi ya mjukuu wa Anarkan apa limebaki nusu, na arusi ni baada ya wiki tatu tu, nitauweka wapi uso wangu?

Nurzat, mdogo wangu,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, nisamehe. Sasa tusemezane. Miaka sita unamtazama mtu, unaondoka na ulimi wake na kitambaa! Mikono yake hukuiona? Mwenyewe umeandika alikuwa wapi: kwenye birika, kwenye moshi. Na wewe? Mlangoni, penye hewa safi! Anayeungua vidole pamoja nawe akikutania, unacheka. Wa mlangoni unamwachia bata wake.

Nakuonea huruma, maana kuvaa viatu vya mama yule si mchezo. Lakini kesho asubuhi nenda kwa Jyldyz kwa miguu yako, usitume mtoto wala ujumbe. Mwambie, "Nilikukosea mbele ya watu," kisha uyarudie hayo mbele ya watu walewale. Birika ushike wewe. Halafu mwombe Anarkan apa aje siku moja, umtazame upya: anamsalimu nani kwanza, anampumzisha nani kabla hajaombwa. Usipoelewa, muulize. Kuuliza si ujinga.

Na acha kuchechemea. Goti la Anarkan apa liliharibika kwa kukanyaga sufu miaka arobaini. Ukishapata goti bovu lako mwenyewe, chechemea utakavyo.