Nilienda Bila Kula

Dada Zaituni,

Salamu zivuke mpaka zikukute Goma ukiwa muzima. Huku mvua iko nyingi na cherehani imepona. Bon, nilienda kwa yule mama mushauri wa hospitali, kama ulivyoniomba tangu tumuzike mke wangu. Nilienda bila kula, nikidhani watapima damu. Akacheka kidogo: "Hapa tunaongea tu, baba. Kila juma, lisaa limoja." Dawa hakunipa. Akauliza, "Nyumbani unakulaka na nani?" Nikamuelezea habari ya cherehani mpaka lisaa likaisha. Hakukasirika, alisema nirudi Jumanne.

Nitarudi. Ila siku hiyo lazima nile kwanza. Dada, saa sita kamili na we ukule huko kwako, nijue iko mutu anakula na mi.

Mudogo wako,
Mudathiru