Nadhiri ya Wapigaji Watano

Mama yangu mpendwa,

Naanza kwa kuigusa miguu yako, kama ipasavyo, ingawa safari hii naigusa kwa hofu. Natumaini barua itakukuta umeketi barazani na miwani yako, sukari imeshuka, na yule nyati wenu wa maziwa ameacha kumpiga teke Kaka Madhukar. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu mwenye mgongo kama wangu. Nakula, nalala, nachoka. Zaidi ya yote nachoka.

Utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ya nyumbani anaishika Kaka, na Kaka huyachuja maneno kabla hayajafika kwako, kama achujavyo chai. Ninalotaka kukuambia nataka ulisome kwa macho yako mwenyewe.

Siku chache kabla ya mechi ya Nagpur, shemeji Vandana alinipigia kwa siri. Alilia kwanza, kisha akanieleza kuhusu kidonda cha kisigino chako. Alisema daktari wa Yavatmal amekwisha kukuonya uvae viatu, na mara ya mwisho akatamka wazi kwamba ukikanyaga mwiba mwingine atalazimika kuukata mguu. Nawe ukamjibu kwamba miguu ni ya mungu wetu wa kike, Renuka Mata, akitaka kuichukua ataichukua mwenyewe. Shemeji anasema daktari alibaki mdomo wazi. Mimi sikucheka.

Mama, katika nadhiri hii wewe uliuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ni Kaka. Nilipochaguliwa kwa mara ya kwanza kuichezea India kriketi, ulimuuliza ni dalili gani itakayoonyesha kwamba mrushaji amefika. Kaka, ambaye hajawahi kurusha hata jiwe likafika lilikotumwa, akakujibu kwamba mrushaji amefika akiwatoa wapigaji watano katika zamu moja. Hapo huuinua mpira juu na uwanja mzima husimama. Basi ukapanda hekaluni Mahur, ukavua viatu mbele ya Renuka Mata, ukaapa kutovivaa mpaka mwanao awatoe watano. Ulidhani ni kazi ya msimu mmoja, kama pamba. Kaka naye alidhani hivyo. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Ningeulizwa, ningewaambia jinsi nchi yetu inavyomtumia mrushaji wa kasi. Viwanja vyetu ni vumbi. Mpira hauruki, unatambaa. Unapewa mpira mpya ukiwa bado unang'aa, unakimbia nao mpaka mapafu yanawaka, na ukishaukwaruza vya kutosha nahodha anakupigia makofi na kuwapa wale wanaouzungusha polepole. Wewe umewasha moto, wao wanapika, na wao ndio wanaosifiwa mchuzi. Ng'ambo, kwenye majani mabichi ya Uingereza na Australia, nilifika wanne zaidi ya mara moja. Wa tano alichukuliwa na mwenzangu, au na mvua, au na mtu aliyeudondosha mpira mwepesi wa kudaka. Wakaniita Bwana Nne. Mumbai kulikuwa na shabiki mmoja aliyekuwa akiniwinda kando ya uzio, "We Bwana Nne, na leo utamwachia mwenzio wa mwisho, au?" Mwanzoni nilicheka naye. Kisha nikaachwa, nikaitwa mwingine alipoumia, nikaachwa tena. Kila niliporudi nyumbani nikakuta nyayo zako zimepasuka kama shamba la kiangazi mwezi wa Mei, nilijuta kuzaliwa na mkono huu.

Sasa habari ya Nagpur. Ilikuwa mechi yangu ya mwisho, ingawa tuliojua ni mimi na daktari wa timu tu. Ule ufa wa uti wa mgongo umefunguka tena. Alinidunga sindano na kuniambia kwamba baada ya hapo akiniona nimeshika mpira ataniripoti mwenyewe.

Siku ya mwisho wageni wetu kutoka New Zealand walibakiwa na jozi moja tu ya wapigaji. Tukimtoa mmoja, tumeshinda. Nilikuwa nimewatoa wanne. Upande wa pili alikuwa akirusha Iliyas, yule fundi wa mizunguko kutoka Hyderabad uliyemlisha mkate wa bhakri na chutney ya pilipili mpaka akatoa machozi. Anaijua nadhiri yako. Akanisogelea akaniambia, "Sopan bhai, ndugu yangu, mama ni mama. Huyu ni wako. Mimi nitarusha huko nje, aangalie ndege tu." Na kweli akarusha nje, mpira baada ya mpira, mbali na gongo, watu wakimzomea kuwa amelewa. Mtu mwenye jina la Kiislamu kama lake, ambaye akikosea kidogo tu huitwa msaliti, Mama, akakubali kuzomewa kwa ajili ya kisigino chako.

Nami nikarusha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wangu ulikuwa umekataa kuinama. Mpigaji mwenyewe alikuwa jitu refu lisilojua hata kushika gongo, lakini mpira ulipita pembeni mwa gongo lake tena na tena, na kila mara aliniangalia kama mtu anayeomba radhi.

Kisha wingu likatanda. Waamuzi wakakutana, wakamwambia nahodha kwamba mwanga hautoshi tena kwa mpira wa kasi. Ama warushe wa polepole peke yao, ama sote tutoke na mechi iishe sare. Ndivyo kazi yetu ilivyo: giza likiingia, mwenye kasi ndiye wa kwanza kuondolewa. Nahodha ni mtu mwema. Akaninong'oneza kwamba Iliyas amalize ova yake, yaani mipira yake sita, halafu ova inayofuata atanipa mimi, nirushe polepole kama wale wa mizunguko, nimpate jitu langu. Nilimshukuru. Lakini nikaenda kwa Iliyas nikamwambia arushe sawasawa, kwa kuwa watu wamefunga mashamba na maduka kuja kututazama. Akauliza, "Na Mama je?" Nikamwambia arushe tu.

Jitu likaupiga juu. Mpira ukapanda kwenye kijivu kile, ukasita, ukaanza kushuka kuja kwangu. Mpira wa juu una muda mrefu, Mama. Nilikiwaza kidonda chako. Niliwaza kwamba nikiuacha upite vidoleni hakuna atakayenilaumu; giza, mgongo mbovu, kila mtu angesema ni bahati mbaya. Nikiudaka, anayehesabiwa ni Iliyas aliyeurusha, si mimi; na ova ijayo ilikuwa yangu. Nikaushika. Nilitaka kukuandikia kwamba mikono iliushika kabla sijaamua, lakini huo ni uongo. Niliamua. Wenzangu walikuwa wamevuja jasho siku zote zile, na sikuweza kuwaibia.

Uwanja ulilipuka. Walinibeba mabegani nikilia, wakadhani ni furaha. Iliyas hakuja kunikumbatia. Alisimama kando, kofia mkononi, akitazama chini.

Kaka akapiga simu jioni ileile. Alikwisha kupanga kila kitu: utaambiwa nimewatoa watano, kijiji kizima kimekubali, hata yule domokaya wa duka la chai ameapishwa. "We kubali tu, Sopan. Mama hasomi kurasa za michezo. Avae viatu, mguu upone, basi." Usimkaripie, Mama, anakupenda. Nami nilikaribia kukubali. Lakini nakujua. Ungekwenda Mahur kushukuru kwa kitu ambacho hukupewa, na siku ambayo ungegundua, ungevua viatu na usingevivaa tena maisha yako yote. Isitoshe, nimechoka kuficha. Nimewaficha madaktari mgongo huu miaka mingi, kwa sababu mrushaji akishajulikana ni mbovu hachaguliwi tena. Sina nguvu ya kuanza kukuficha na wewe.

Kwa hiyo ukweli ni huu. Nimeacha kurusha, nimekwisha kuwaarifu wakubwa, na wa tano hatakuwepo. Wala siandiki kutoka hotelini Nagpur kama unavyodhani. Nimeketi katika nyumba ya mahujaji kando ya barabara, nimeshaipita Arni, nakwenda Mahur kwa miguu mitupu.

Yavatmal nilimuuliza kuhani mmoja nifanye nini. Alikuwa mtu mwenye haraka, ndizi mdomoni. Alisema mama akiweka nadhiri juu ya kazi ya mwanawe, na mwana akaiacha kazi ile, nadhiri haiwezi kutimia wala haiwezi kubaki. Basi mwana airudishe kwa Devi Renuka Mata kwa nyayo zake mwenyewe, amwombee mama yake afunguliwe. Kisha akaniuliza kwa nini sikuja zamani.

Natembea polepole. Lami ya adhuhuri inaunguza, na malengelenge yamekwisha kupasuka. Wengine wananitambua. Jana mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma pamba aliniita, "Bwana Nne, viatu umeibiwa?" Nikamwambia ndiyo, akanipa maji. Mama, nilidhani najua ulichokuwa ukikanyaga miaka yote hii. Nilikuwa sijui. Usiku naitazama miguu yangu na naona aibu.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la pamba pamoja na kifurushi. Ndani yake mna viatu. Si vya urembo. Ni vile vya wagonjwa wa sukari, soli yake laini, na daktari wako ndiye aliyevichagua. Nadhiri naibeba mimi sasa. Nikifika nitalitaja jina lako mbele ya Renuka Mata, na akikasirika, akasirike na mimi, kwani ni mimi nitakayekuwa mbele yake.

Nisalimie Kaka, mwambie ajiandae kunikanda mgongo. Shemeji Vandana mwambie alifanya vyema kunipigia. Iliyas anakusalimu sana. Anasema hakupenda kumpata yule mtu.

Nitakuja nikitoka Mahur. Usinisubiri, Mama. Vivae sasa hivi, kabla hujaikunja barua.

Mwanao,
Sopan