Telegramu Jikoni kwa Mjane

London, 9 Novemba 1961

Dada yangu mpenzi Hilda,

Pokea salamu zangu nyingi, na uniambie goti lako linaendeleaje na kama shemeji Stanley amekubali hatimaye kuvaa miwani. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Ukungu umeingia hadi kwenye mapazia, na makaa ya mwaka huu moshi mwingi, moto kidogo.

Barua yako ilifika Jumanne. Umesema kanisa litaonyesha ile filamu yangu ukumbini Jumamosi ijayo, kina mama wataoka keki za zabibu, na nisipokuja utanifuata uniburute kwa nywele, hata kama mimi ni nyota wa sinema. Nilicheka peke yangu. Kisha nikasoma habari za Bi Entwistle wa posta, kwamba amepooza upande mmoja na ameomba aletwe naye aitazame. Umeapa kwamba akithubutu kufika mlangoni utamtoa mbele za watu, maana mchawi yule aliilalia telegramu uliyonitumia siku mbili hadi Mama akafa akiutazama mlango. Kicheko kilinikauka.

Dada, miaka kumi na miwili humsalimii Bi Entwistle. Miaka hiyo hiyo mimi nimenyamaza.

Filamu unaijua: mjane anapokea telegramu jikoni, anaisoma, analia. Juzi dereva wa teksi aliniambia, bibie, mke wangu alilowesha leso mbili. Kabla ya machozi hayo nilikuwa msichana wa kupita nyuma ya wenye majina na trei ya chai. Baada yake nikawa Corinna Vale, na Winnie Haslam akabaki kwako tu.

Ukweli ni huu. Siku kadhaa nililia kwa matone ya dawa, na mwongozaji, Bwana Pelham, akasema mbele ya mafundi wote kwamba amewahi kuona bomba bovu likilia vizuri zaidi. Alhamisi asipopata machozi ya kweli, alisema, atamwita mwingine. Jumanne saa tano asubuhi telegramu yako ikaletwa chumbani nilipokuwa nikivaa. Ulikuwa umeshaniandikia kwamba Mama ana homa ya mapafu, na sisi tuliopitia vita tunajua telegramu huleta nini. Nikaamini Mama ameshakufa. Nikajiambia aliyekufa hana haraka. Nikaitia bila kuifungua kwenye mfuko wa aproni ya mjane, badala ya telegramu ya kuigizia. Alhamisi taa zilipowaka, nikaifungua mbele ya kamera.

Haikuwa ya msiba. Iliandikwa: Mama anakuita. Njoo leo.

Hayo ndiyo machozi wanayoyasifu. Mama alikata roho jioni ile, mimi nikiwa kwenye treni. Pale kituoni ulinikumbatia, ukasema kosa si langu, ni la posta, nami nikatikisa kichwa kukubali. Naona haya, Dada, kuliko ninavyoweza kuandika.

Filamu ile siwezi kuitazama. Karatasi iliyo mkononi mwangu mle ndani ni yako. Kila inapoonyeshwa, Mama ananiita upya, nami nasimama pale pale nalia badala ya kwenda.

Jumamosi nitakuja, ukinitaka. Usiponitaka, sitakulaumu. Lakini telegramu nimeitia ndani ya bahasha hii, na juu yake pameandikwa siku na saa iliyotumwa na iliyofika. Nakuomba umpelekee Bi Entwistle kabla hujanijibu, umsomee kwa sauti. Nina hofu kwamba kwa kuambiwa miaka yote hii, naye ameanza kuamini kwamba alichelewa.

Nisalimie Stanley. Na ukifika kaburini kwa Mama, mwambie telegramu nimeipata.

Ni mimi mdogo wako,
Winnie